Modeli ya korona ya mkonge: gia zinaruka meno

Mkonge_Muheza: Wakuu, naunda korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge kupata nyuzi, kwa vitofali vya LEGO Technic. Mota moja saizi ya M inaendesha ngoma ya kukwangua na mnyororo wa kulisha majani. Nikilisha vipande vya kadi badala ya majani, gia zinalia ka-ka-ka, ngoma inasimama. Niweke mota kubwa?

Fundi_Ngamiani: Mota kubwa itakuharibia gia tu. Huo mlio ni ekseli inapinda, meno yanaachana. Ishike pande zote mbili za gia. Gia ya meno 8 na ya 24 zikae umbali wa matundu 2. 8 na 40, matundu 3. Halafu funga boriti mbili kwa boriti ya kukatiza, zisitanuke.

Pangani_Gia: Tena ngoma na mnyororo havina mwendo mmoja, hata kwenye korona yenyewe ngoma ndiyo yenye kasi. Mnyororo upunguze 8 kwa 24 mara mbili, upate 1:9. Kwenye njia ya ngoma tia ile gia nyeupe ya meno 24 inayoteleza: kadi ikikwama, inateleza yenyewe, mota haiungui. Pini nyeusi za kuungia boriti hubana, usizitumie panapozunguka.

Mkonge_Muheza: Kumbe! Ngoma nimeishika upande mmoja. Nafungua sasa hivi.