Ushauri: jengo la zamani Tororo, ukuta unavuta maji, tunataka liwe makao ya akina mama wanaolea peke yao

Tumaini_Uani:
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka kwa wanaojua ujenzi, maana Jumamosi inakaribia na usingizi umenipaa.

Sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Tumepata jengo la zamani lililoachwa, la matofali ya kuchoma. Mbele palikuwa maduka, katikati ua, nyuma safu ya vyumba. Tunalitengeneza liwe makao ya muda ya akina mama wanaolea watoto peke yao. Tatizo ni ukuta wa vyumba vya nyuma. Tulipiga plasta ya simenti, mvua zilipoanza ikavimba na kudondoka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na ukutani kunatoka unga mweupe. Fundi mmoja anasema turudie kwa simenti kali zaidi, mwingine anasema tupake rangi ya mafuta. Yupi yuko sahihi? Mabati 60 tunayo tayari, Jumamosi tunaezeka.

Mwashi_wa_Osukuru:
Wote wawili wanakupoteza. Kuta za zamani nyingi hazina utando wa kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali yakitafuta pa kutokea. Simenti kali inayazibia njia, yanapanda juu zaidi, na chumvi inakaukia nyuma ya plasta hadi inaisukuma. Unga mweupe ndiyo chumvi yenyewe. Rangi ya mafuta italeta yale yale, safari hii kwa malengelenge.

Anza nje. Nina hakika udongo wa ua umejaa mwaka hadi mwaka mpaka umepita usawa wa sakafu. Uchimbe ushuke sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, kisha mwaga zege la upana wa sentimita 60 hadi 90 kando ya ukuta, liinamie nje. Gata ziwepo na maji yake yaende mbali. Hapo ndipo unarudi ndani: bandua plasta yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, chokoa viungo vya matofali, sugua chumvi kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu. Usiioshe kwa maji, inayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Halafu subiri. Ukuta mnene hukauka kwa kadiri ya inchi moja kwa mwezi, kwa hiyo fundi anayekuahidi wiki mbili mwambie akale ugali kwanza. Plasta mpya iwe simenti moja, chokaa moja, mchanga wa mto sita. Juu paka chokaa tupu, ukuta upumue.

Mama_Baraka_Malaba:
Ukuta utasubiri. Vyoo ni matundu mangapi? Kipimo cha Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada vinavyofuatwa kwenye kambi za wakimbizi, ni watu 20 kwa tundu moja na mita 3.5 za mraba kwa kila anayelala. Watoto nao ni watu, wahesabu. Kama ni choo cha shimo, kiwe mita 30 kutoka kisima, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji. Mlango uwe na komeo la ndani na taa ya usiku. Mwanamke aliyekimbia kipigo hatavuka ua wenye giza kwenda choo kisicho na komeo, atatumia ndoo chumbani. Na madirisha yote msiyawekee vyuma visivyofunguka; kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake vina bawaba, vinafunguka kutoka ndani, moto ukitokea.

Geji28:
Mabati 60 ya geji gani? Na ya zamani yalikuwa ya aina gani, mliyatoaje? Hilo hujalisema, dada.

Tumaini_Uani:
Asante Mwashi, asante mama. Matundu ni mawili. Mabati ni geji 30, tumenunua kwa michango ya waumini. Ya zamani ni yale mazito ya kijivu, kama ya simenti, yenye mawimbi makubwa. Vijana wameshayashusha ya upande wa nyuma, yalikuwa yamechakaa, yakawa yanavunjika kwa nyundo kirahisi. Vipande tumepondaponda tukajazia sakafu ya chumba kimoja ili tuokoe pesa ya mawe.

Geji28:
Simamisha kazi. Hiyo ni asbesto. Tororo palikuwa na kiwanda chake, ndiyo maana mapaa ya zamani ya mji huo yamejaa hayo mabati. Likiwa zima halisumbui sana. Likivunjwa linatoa nyuzi zisizoonekana kwa jicho, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Ugonjwa unajitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, kwa hiyo usiniambie vijana wote ni wazima.

Chumba kilichojazwa msikichimbe. Nyunyizeni maji taratibu, yawe na sabuni kidogo, funikeni kwa kavera (karatasi ya plastiki) nzito ya geji 1000, fungeni mlango. Msifagie popote, futeni kwa kitambaa kilicholowa na kitambaa hicho kisirudi kufuliwa. Nguo za kazi zisiende nyumbani kwenye watoto. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapa, inatakiwa ya daraja la FFP3. Mabati yaliyobaki mbele kama hayajapasuka yaacheni yalivyo. Siku mkiyatoa, yaloweshwe, bolti zikatwe, yashushwe mazima, yafungwe kavera mara mbili na kuandikwa. Pa kuyapeleka mkamuulize afisa mazingira wa wilaya, naye anajua utaratibu wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kufukia uani au kutupa kwenye kinamasi hapana.

Kuna watu wanalala humo?

Tumaini_Uani:
Jamani msinitishe. Wazee wetu wamelala chini ya mabati hayo miaka yote.

Mwashi_wa_Osukuru:
Walilala chini yake. Hawakuyaponda. Jibu swali la Geji.

Tumaini_Uani:
Kuna akina mama wanne na watoto wao, wako vyumba vya mbele. Hawakuwa na pa kwenda, tungewaambia warudi kwa nani? Vumbi lilikuwa upande wa nyuma.

Mama_Baraka_Malaba:
Ua ni mmoja, upepo hauulizi njia. Watoeni humo kwa muda, hata darasa la kanisa litawafaa, mpaka mbele pafutwe kwa maji na chumba kile kifungwe. Na hao watoto wanaotambaa, angalieni rangi ya milango. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ni sumu, na mtoto hula vipande vinavyobanduka. Ikwangueni ikiwa imelowa, msichome kwa moto wala kusugua kavu.

Afande_Mstaafu:
Nyote mnaongea mapaa na kuta. Mimi nauliza moja tu: jengo la nani?

Tumaini_Uani:
Lilikuwa limeachwa, afande. Tuna ruhusa.

Afande_Mstaafu:
Sikuuliza ruhusa. Nimeuliza la nani. Maduka mbele, ua katikati, vyumba nyuma, matofali ya kuchoma, katikati ya Tororo. Ramani hiyo naijua, na kila mtu wa umri wangu anaijua.

Bodaboda_wa_Mbale:
Afande leo amekamata mtuhumiwa 😂

Tumaini_Uani:
Sawa. Lilikuwa la Wahindi. Kuna mzee aliyeachiwa alitunze, ndiye mwenye ufunguo, tunampa kitu kidogo kila mwezi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya kijiji, ametuandikia barua yenye muhuri kwamba anatufahamu na anaunga mkono kazi yetu. Hakuna aliyelidai. Nyumba kuanguka huku watu wanalala nje, hiyo ndiyo haki?

Afande_Mstaafu:
Haki ni jambo moja, hati ni jambo lingine. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90, na mali zao zikawekwa chini ya bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Ikaja sheria ya mwaka 1982 ya mali zilizotwaliwa: iliyafuta mauzo yaliyokuwa yamefanywa juu ya mali hizo na kumpa mwenyewe wa zamani nafasi ya kuomba arudishiwe kwa cheti. Kwa hiyo jengo hilo lina hali moja kati ya tatu. Ama mwenyewe alirudishiwa na ana cheti, akiwa Leicester au Toronto. Ama liko bado mikononi mwa bodi. Ama kuna mtu analishikilia kwa makaratasi ya mashaka. Hayo ni mengi mpaka kamati ya Bunge ya mashirika ya umma, COSASE, ikayachunguza mwaka 2019. Katika hali zote tatu, mwenyekiti wa LC1 hana cha kutoa. Muhuri wake unasema anakufahamu. Haukupi ukuta wala paa. Na mzee wa ufunguo ni mzee wa ufunguo.

Mnachofanya: chukueni namba ya ploti na jina la barabara kwa ofisa mipango wa manispaa, mwende ofisi ya ardhi mkaombe upekuzi wa daftari. Ploti za mjini nyingi ni za kukodishwa, zina namba ya juzuu na ya ukurasa. Angalia jina, angalia kama muda wa kukodi umekwisha, angalia kama kuna zuio. Kisha andikieni bodi ile iliyo chini ya Wizara ya Fedha, mkiuliza hali ya ploti.

Mlokole_Busia:
Nami niulize, hawa wanawake waume zao wako wapi? Tunajenga makao, tunavunja ndoa.

Mama_Baraka_Malaba:
Ndugu, uzi huu ni wa unyevu na mapaa. Fungua wako.

Mkaguzi_Kimya:
Samahani, mimi siamini hata neno moja. Akaunti mpya, jengo halina mwenyewe, wajane na watoto, kila swali likiulizwa linazaa jipya. Tumebakiza namba ya mobile money tu. Na hesabu haziji: nyumba ya namna hiyo ina upana wa mbele kama mita 18. Bati linafunika sentimita 75, kwa hiyo safu moja ni mabati 24. Mbele, paa la mgongo, pande mbili, safu mbili kila upande: 96. Nyuma, mteremko mmoja, safu mbili: 48. Jumla 144. Huyu ana 60 na Jumamosi "anaezeka". Hadithi.

Bodaboda_wa_Mbale:
Mkaguzi ameleta kikokotoo msibani.

Tumaini_Uani:
Sijaomba hata shilingi. Nimesema wazi kwamba tumeshusha upande wa nyuma tu, na nyuma ni hizo hizo 48 ulizopiga. Zinazobaki 12 ni za jiko na bafu. Kama ni hadithi, umenisaidia kuihesabu.

Geji28:
Hesabu inakubali. Tena mtu anayetunga hasemi amejazia asbesto sakafuni, angetafuta jambo linalompendezesha. Mkaguzi, tahadhari yako ni nzuri: wasomaji, asitume mtu pesa humu. Tuendelee.

Dada, hata ukiacha hati, Jumamosi haiwezekani kwa jinsi ulivyopanga. Mbao za chini ya asbesto hupangwa mbali, zinafika futi nne na nusu, kwa sababu bati lile ni gumu. Geji 30 ukiipigilia hapo itabonyea mtu akikanyaga. Inataka mbao kila futi mbili na nusu, kwa hiyo mna mbao za kuongeza. Jambo la pili wengi hawalijui: paa la asbesto lilikuwa linajishikilia kwa uzito wake. La geji 30 ni jepesi mara kadhaa, na upepo unaotangulia mvua utalibeba pamoja na kenchi. Fungeni kila kenchi ukutani kwa mkanda wa chuma au waya nene, ushuke safu tano sita za matofali chini ya mbao ya juu ya ukuta. Chomeni bisibisi kwenye kila mbao ya zamani. Ikizama bila nguvu, mchwa wamekula, itolewe.

Tumaini_Uani:
Mvua haitasubiri ofisi ya ardhi. Vyumba vya nyuma viko wazi sasa, kuta zitaloa zaidi. Na vijana wamejiandaa, nikiahirisha sitawapata tena.

Afande_Mstaafu:
Mwanangu, umeshaamua, unatafuta wa kukusindikiza.

Mwashi_wa_Osukuru:
Afande, lakini ukuta ulio wazi kweli unaharibika. Kuna njia ya katikati. Mpaka upekuzi urudi, wekeni pesa kwenye vitu vinavyofunguliwa na kubebwa. Mabati yafungwe kwa skrubu, msitumie misumari, ili mkiambiwa mtoke myashushe bila kuyatoboa upya. Tangi la maji juu ya jukwaa la chuma la bolti. Vitanda, jiko, milango ya vyoo. Mfereji wa ua na gata, maana hivyo vinaokoa jengo la yeyote. Plasta, sakafu ya zege, waya za umeme za ndani ya ukuta, vigae: visubiri. Chumba cha mita nne kwa tano, zege la sentimita kumi, kinakula karibu mifuko 13 ya simenti, na hutaondoka nayo mgongoni.

Mama_Baraka_Malaba:
Na kikundi kimesajiliwa? Sheria ya NGO ya 2016 inataka idhini ya kamati ya wilaya na makubaliano ya maandishi na serikali ya wilaya kabla ya kazi. Afisa ustawi wa jamii mwone wiki hii, kabla hajasikia kwa mwingine kwamba kuna watoto wanalala kwenye jengo lenye vumbi la asbesto.

Tumaini_Uani:
Usajili uko njiani. Akina mama nitaongea na mchungaji kesho asubuhi wahamie ukumbini. Ofisi ya ardhi nitakwenda, nimesikia. Lakini paa la nyuma tunaweka Jumamosi. Mwashi, skrubu za urefu gani?

Mwashi_wa_Osukuru:
Inchi mbili na nusu, zenye washa ya mpira. Zipite juu ya wimbi, zisipite bondeni. Pembeni na kwenye miisho kila wimbi la pili, katikati kila la tatu. Msikaze mpaka mpira utoke nje.

Geji28:
Na nyuma paloweshwe kabla kijana yeyote hajapanda.