Nimeanguka kutoka kidato cha tatu tu cha ngazi, kisigino kimevunjika. Hii si ajali?

FundiTaa
Wakuu, wiki ya tatu leo niko nyumbani na plasta mguuni. Nilikuwa nabadilisha taa ghalani, nimesimama kidato cha tatu cha ngazi ya kukunja, kama mita moja kutoka sakafuni. Taa ilikuwa pembeni kidogo. Badala ya kushuka nisogeze ngazi, nikajinyoosha. Ngazi ikalala, nikatua wima kwenye zege. Kinachoniuma zaidi ni msimamizi kukataa kuandika kwenye daftari la ajali. Anasema hicho ni kimo cha meza. Wenzangu nao wananiona nadeka. Kweli urefu huo si kitu? Na nikirudi kazini nibadilishe nini?

MuuguziZamu
Pole sana ndugu yangu. Hudeki. Mita moja unafika chini kabla ya nusu sekunde kwisha, kwa kasi ya kama kilomita 16 kwa saa. Mkono hauwahi hata kutafuta pa kushika. Anayejikinga kwa kiganja huvunjika kifundo cha mkono, anayetua wima huvunjika kisigino. Je, mgongo walikupiga picha? Kishindo kile hupanda, na pingili za kiuno huweza kuvunjika pamoja na kisigino, ila maumivu ya mguu huyafunika ya mgongo. Ukipata ganzi mapajani au mkojo ukikataa kutoka, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

NyaparaMstaafu
Kijana, andika mwenyewe: tarehe, saa, aliyekuwepo, na picha za ngazi na sakafu. Mkabidhi msimamizi, ubaki na nakala. Miaka yangu yote, waliopanda juu sana nilihakikisha wamefunga mikanda. Walioniumiza kichwa ni wa kuruka kutoka kwenye bodi la lori, maana pale hakuna aliyeogopa, hata mimi. Kwenye ngazi, kitovu chako kisitoke nje ya miguu ya ngazi, kikitoka, shuka. Na kama taa hizo hubadilishwa mara kwa mara, dai jukwaa dogo lenye vyuma vya kushikilia. Ngazi ni ya kupandia, si ya kufanyia kazi kutwa.

FundiTaa
Asanteni sana. Mgongo hawakupiga, na asubuhi huwa umekaza; nilidhani ni kulala sana. Kesho narudi hospitali. Barua nimeianza, na mwenzangu aliyekuwa ananipokeza taa amekubali kusaini.