Mrejesho: uhakiki wa anwani iliyo ndani ya fomu ya mteja sasa unafanya kazi

Wiki iliyopita niliuliza kwa nini fomu yangu ya kusajili wateja, iliyojengwa kwa Spring Boot 3 (mfumo wa kuundia programu za Java), ilikataa jina lililoachwa wazi lakini ikapokea anwani isiyo na mtaa, ilhali sehemu zote mbili zilikuwa na @NotBlank, alama inayokataa maandishi matupu. Ninawashukuru mlionijibu, hasa aliyenitaka nilitazame kwanza darasa la Mteja (msimbo unaoeleza data za mteja) badala ya kuhangaika na kontrola (msimbo unaopokea maombi ya fomu).

Kosa lilikuwa hapo hapo. Nilikuwa nimeweka @Valid, alama inayoagiza kitu kihakikiwe, kwenye kigezo cha kontrola pekee, nikidhani kwamba uhakiki ungeshuka wenyewe hadi kwenye vitu vilivyomo ndani ya Mteja, kumbe hausogei mpaka uambiwe. Nilipoandika

@Valid
private Anwani anwani;

ujumbe wa "Jaza mtaa" ulitokea papo hapo chini ya kisanduku chake.

Furaha hiyo haikudumu. Ombi lisilo na sehemu yoyote ya anwani lilipita tena, kwa sababu @Valid hukiruka kitu ambacho thamani yake ni null (yaani hakipo kabisa), hivyo nikaongeza @NotNull, inayokataa null, juu yake. Kwa orodha ya simu, List<@Valid Simu>, inayohakiki kila simu iliyomo, imetosha.

Kosa la 400 (ombi batili) nililokuwa nikilipata pia kwenye fomu ya kuhariri lilikuwa uzembe wangu mwenyewe: katika vigezo vya kontrola nilitanguliza Model (inayobeba data za ukurasa) kabla ya BindingResult (inayobeba makosa ya uhakiki), ilhali BindingResult lazima ifuate mara moja baada ya kitu kinachohakikiwa. Nimebadilisha mpangilio huo, na fomu zote mbili sasa zinakataa kinachopaswa kukataliwa.