Msaada: tanga la Dacron (kitambaa cha poliesta) limechanika ukingo wa nyuma, na mshono mmoja unaachia

Foromali2
Wakuu, habari. Mashua ni ya futi 16, ya zamani, tanga kuu ni la pembetatu na lilikuja na chombo. Limechanika kwa umbo la herufi L pale unapoishia mfuko wa ufito wa pili (kijiti chembamba kinachokaza tanga), kwenye ukingo wa nyuma. Mguu mmoja wa L una sentimita 20, mwingine 10. Juu yake kuna mshono wa kuunganisha vipande umeachia kama sentimita 60, ila kitambaa chenyewe hapo ni kizima. Nina cherehani ya nyumbani yenye zigizaga. Je, nibandike utepe wa gundi wa kutengenezea matanga na kuishia hapo, au nishone? Na kiraka kiwe na ukubwa gani?

Shazia
Mkuu, kabla ya kukata kiraka chochote pima kwanza kama kitambaa bado kina uhai. Jua huua Dacron polepole, na sehemu inayotangulia kufa ni ukingo wa nyuma na kona ya juu. Choma sindano nene karibu na pale palipochanika, halafu jaribu kuvuta tundu lile kwa mkono. Kitambaa kizima kitakaza na kukataa. Kikifunguka kama karatasi, acha. Kiraka kipya juu ya kitambaa kilichokufa huhamisha tu mpasuko, na safari ya kwanza yenye upepo tanga litachanika sentimita mbili pembeni ya mshono wako mpya.

Kisha kwaruza nyuzi za mishono yote kwa ukucha, tanga zima. Uzi hukaa juu ya kitambaa kigumu, hauzami ndani, kwa hiyo jua na misuguano huupata kwanza. Nyuzi zikikatika kwa ukucha, hizo sentimita 60 ni mwanzo tu, na itabidi upitie mishono yote.

Mtande_na_Mshindio
Nakubaliana na Shazia. Pia hakikisha ni Dacron kweli, maana vyombo vya zamani vingine bado vina matanga ya marekani, yaani kitambaa cha pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome moto. Dacron huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, pamba huungua na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi. Tanga la pamba lisipewe kiraka cha Dacron: pamba hunywa maji na kujikunja, Dacron haifanyi hivyo, na mshono utajaa makunyanzi.

Foromali2
Nimejaribu. Uzi umeyeyuka, kidonge cheusi. Kitambaa kimekaza vizuri, tundu halikufunguka. Nyuzi za mishono mingine hazikatiki kwa ukucha.

Shazia
Vizuri sana, basi tanga linastahili kazi. Utepe peke yake usiutegemee hapo. Ukingo wa nyuma unapigapiga kila unapogeuza chombo, na utepe huanza kubanduka kona. Tumia kitambaa cha Dacron na ushone.

Lioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni laini na brashi laini, kisha likauke kabisa. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu hewani na gundi haishiki. Usipige pasi.

Tandaza tanga sakafuni, kutanisha kingo za mpasuko zikutane bila kupandana, kisha zishike kwa selotepu upande mmoja. Kiraka kipite mpasuko kwa sentimita 5 kila upande, kwa hiyo L yako inataka kipande cha 30 kwa 20. Uzito uwe uleule wa tanga. Mashua ya ukubwa huo mara nyingi ina kitambaa cha wakia 4 za washona matanga, takriban gramu 170 kwa mita ya mraba. Watu hudhani kiraka kizito ni bora. Kumbe ukingo wake mgumu ndio unaokata kitambaa chepesi kilicho jirani.

Mtande wa kiraka (nyuzi za urefu wa kitambaa) uelekee sawasawa na mtande wa tanga. Ukikiweka mshazari kitavutika tofauti na utaona tumbo dogo palepale. Kona zizungushe kwa kufuata sarafu, kisha kata kwa chuma cha umeme cha kulehemia nyaya juu ya kioo ili kingo ziyeyuke zisifumuke. Fungua madirisha, moshi wake ni mbaya.

KambaNaDasi
Naongezea upande wa cherehani. Sindano ya saizi 100/16 au 110/18, uzi wa poliesta wa unene wa V-69 unaostahimili jua. Uzi wa pamba au wa nguo za kawaida hautadumu. Bandika kiraka kwa utepe wa gundi wa pande mbili, ukitoa karatasi kidogo kidogo na kulainisha kutoka katikati kwenda nje. Zigizaga iwe na upana wa milimita 5, ipite milimita 3 kutoka ukingo wa kiraka. Geuza tanga, punguza kitambaa kilichochanika, bakiza sentimita 2 ndani ya mshono wa kwanza, kisha shona ukingo huo pia.

Cherehani ikianza kuruka mishono, usikimbilie kulaumu mashine. Itazame sindano: gundi ya utepe huganda juu ya tundu lake kama ute mweusi. Ifute kwa spiriti kila baada ya mita moja hivi.

Mshono ulioachia usiufumue wote. Kunja tanga pande zote mbili kama jamvi lipite chini ya mkono wa cherehani, na mtu wa pili abebe uzito. Ukivuta kipande kimoja kuliko kingine, umbo la tanga limeharibika. Kwenye kona zenye tabaka nyingi weka cherehani pembeni: tumia shazia (sindano ya mkono ya kushonea matanga) namba 16, uzi uliopakwa nta, kinga ya ngozi kiganjani, ufuate matundu ya zamani kwenda na kurudi.

Foromali2
Asanteni sana wakuu. Ndani ya pindo la nyuma kuna kamba nyembamba inayopita urefu wote. Kiraka kikifika hapo nifanyeje?

Shazia
Fumua pindo sentimita 15 juu na 15 chini ya mpasuko, toa kamba nje, pitisha kiraka chini ya pindo, kisha rudisha kamba na ufunge pindo. Sindano isiiguse kamba. Ikishonewa hata mara moja haikazi tena, na ukingo utapigapiga mpaka uchanike upya. Chunguza pia ncha ya ufito, maana mpasuko umeanzia hapo. Isugue kwa msasa iwe mviringo, na ushone tabaka la pili ndani ya mwisho wa mfuko kabla hujaurudisha ufito.