Kadi ya grafiki inapungua nguvu baada ya dakika 15, na kwa inveta mashine inazima

Muulizaji, mtaa wa Himbi, Goma:
Wakubwa, salamu. Kadi ni GTX 1660 Super, prosesa ya wati 65, pawasaplai ya wati 450. Gemu inaanza na fremu 75 kwa sekunde, kisha baada ya dakika 15 hivi fremu zinashuka mpaka 40, na feni inalia kama pikipiki inayopanda mlima. Pili: umeme ukikatika, inveta ya 500 VA ikishika, mashine inazima palepale gemu inapofunguka. Nikiandika barua tu, haizimi. Kule Birere wananiambia ninunue kadi nyingine.

Jibu 1:
Usinunue kitu bado. Hayo ni magonjwa mawili. Fungua GPU-Z, programu ya kupima kadi, upande wa Sensors, weka alama kwenye Log to file, cheza dakika 20, halafu soma mstari wa PerfCap Reason, yaani sababu inayozuia kasi ya kadi. Ukiona Thrm, ni joto. Pwr, kadi imefika kikomo chake cha wati. VRel, yaani kikomo cha voltage, ni hali ya kawaida, usiogope. Ila GPU Load, yaani kiasi kadi inavyofanya kazi, ikiwa 60% na fremu ziko chini, kadi inasubiri prosesa au RAM, na hapo kadi mpya ni pesa ya kutupa.

Muulizaji:
Asante ndugu. Thrm, nyuzi 84. Load 99%. Kasi imetoka MHz 1,890 ikafika 1,380.

Jibu 2:
Basi ni vumbi. Hili letu la mawe ya volkano ni gumu, linajibana katikati ya mapezi ya alminiamu yanayopoza kadi hata huoni mwanga upande wa pili. Tena Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari: hewa ni nyepesi, haibebi joto kama ya Mombasa. Zima, chomoa waya, toa kadi. Shika feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke, maana unaweza kuiharibu. Kama imepita miaka mitatu, fungua skrubu nne zinazozunguka chipu, polepole, kuna waya wa feni umefungwa hapo. Futa pasta ya zamani ya kupitisha joto kwa alkoholi, weka mpya kiasi cha punje ya mahindi. Vile vipande laini vya juu ya memori usivirarue.

Jibu 3:
Mambo ya inveta ni hesabu. VA (volti mara ampea) 500 si wati 500. Nyingi za bei hiyo zinatoa 300 tu, soma kibandiko cha nyuma. Kadi wati 125, prosesa inapokimbia 80, mengine 45: jumla 250. Pawasaplai yenyewe inapoteza kidogo, kwa hiyo inavuta karibu 295 kwenye inveta, na skrini bado hujaihesabu! Mshtuko mdogo, inazima.

Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha Power Limit (kikomo cha wati) mpaka 75%: kadi inabaki na wati 94 hivi. Afadhali zaidi, bonyeza Ctrl+F, utaona mchoro wa voltage na kasi; pandisha nukta ya 850 mV mpaka MHz 1,750, zote za kulia zisawazishe nayo, kisha Apply. Zuia fremu zisipite 60 kwa sekunde. Joto nalo litashuka. Gemu ikijifunga yenyewe, voltage imekuwa ndogo mno: hamia 875 mV kwa kasi ileile, ujaribu tena nusu saa.