Mrejesho: trip ya boila na cheti cha SIL 2

Wadau, niliuliza kama transmita (senza) ya level ya maji ikiwa na cheti cha SIL 2 (kiwango cha kuaminika kwa mfumo wa usalama) basi trip yote ya boila, yaani mfumo wa kuizima yenyewe maji yakipungua, ni SIL 2, mkasema hapana, hesabu senza, PLC (kompyuta inayotoa amri ya kuzima) na valvu pamoja. Nimepiga hesabu, kumbe valvu ya kukata mafuta ndio inakula karibu PFD yote (uwezekano wa trip kugoma ikihitajika), tukitest kila miaka 2 PFD inatoka 0.0175 na SIL 2 inataka chini ya 0.01, tukitest kila mwaka inashuka 0.0088, imepita chupuchupu. Bosi hapa Kisumu alitaka tu cheti kiingie kwa faili, aki. Sasa shatdauni ikifika tunafunga valvu yenyewe tuone kama inaziba kweli, si kubonyeza skrini ya kontrol rum tu. Aliyenielekeza IEC 61511 (standadi ya mifumo ya usalama viwandani), asante sana buda.