Paka anajikuna na kunyonyoka: poda, matone au mwarobaini?

Nyau_Tabata: Wakuu, paka wangu anajikuna usiku kucha. Manyoya yamenyonyoka mgongoni karibu na mkia, na kuna vipele. Kula anakula vizuri tu. Jirani anasema nimpake mafuta ya taa, duka la dawa za mifugo wameniuzia poda ya mbwa, shemeji anasema mwarobaini. Nishike lipi?

MamaTwins: Mafuta ya taa hapana jamani! Paka anajilamba kutwa, ukimpaka kitu ujue umemlisha. Na Dettol usimwogeshee.

Mkwezi: Mwarobaini tunatumia kwa kuku miaka yote, mbona hawafi?

DktMtarajiwa: @Mkwezi kuku halambi manyoya, mkuu. Mafuta ya mwarobaini yaliyokolea yanaweza kumdhuru paka.
Mleta mada, soma kibandiko cha hiyo poda. Ukiona permethrini (sumu ya wadudu), usiiguse. Mbwa anaimudu, ila ini la paka haliwezi kuivunja: anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Alama za kunyonyoka karibu na mkia mara nyingi ni viroboto. Mchane kwa kitana chenye meno membamba, vumbi jeusi litakalotoka liweke kwenye tishu iliyoloa. Likitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako. Hapo nunua matone ya fipronili *ya paka*, weka nyuma ya shingo asipofikia ulimi. Ni ghali kuliko poda, lakini ndiyo dawa.

BintiMbagala: Mimi matone hayakusaidia kitu, kumbe ugonjwa ulikuwa mashilingi, fangasi wa ngozi. Viduara vyenye magamba, watoto nao wakapata mikononi. Dokta wa mifugo akatoa dawa ya fangasi. Zile krimu za mchanganyiko za famasi muogopeni: steroidi inatuliza mwasho huku fangasi wanasambaa.

MamaTwins: Na magamba mazito yakianzia kwenye ncha za masikio mara nyingi ni ukurutu wa utitiri, vidudu vya ngozi. Huo nao wa dokta.

Nyau_Tabata: Tishu imekuwa nyekundu. Na poda ni permethrini kweli, dah. Dukani wamegoma kurudisha hela.

DktMtarajiwa: Bora hela. Mpime uzito kabla ya kununua matone. Fua matandiko yake, anika juani, fagia chini ya kochi, maana mayai ya viroboto yanadondoka humo. Joto na unyevu wa Dar vinawalea mwaka mzima, kwa hiyo rudia matone kila mwezi kama kibandiko kinavyosema. Una paka mwingine ndani?

Nyau_Tabata: Wa jirani analala kibarazani kwangu.

DktMtarajiwa: Basi ongea na jirani, paka wake naye awekewe.